Sayyid Ahmad bin Sumait: nahodha aliyekuwa kadhi, akaondoka, akarudi

Kijana mmoja wa Uroa, wakili kwa kazi yake, ametuletea swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa dakika mbili za redioni. Amefanya kazi katika ofisi ya mawakili mjini kwa miaka kadhaa, na sasa anafikiria kuomba kazi ya uhakimu. Anauliza: mtu aliyewatetea watu kwa malipo, anavukaje upande wa pili wa meza akawahukumu watu walewale? Na akishaingia, kisha akaona mambo hayaendi, anatokaje bila ya kuwaumiza wengine?

Mwisho wa ujumbe ameongeza jambo ambalo yeye kaliona dogo. Wajomba zake ni wavuvi, na kila akienda kijijini hurudi mjini na pweza au mtungo wa changu. Akiwa hakimu, samaki wale watahesabiwa vipi?

Kwa wasioijua, Uroa iko pwani ya mashariki ya Unguja, kaskazini ya Chwaka. Maji yakitoka, bahari huenda mbali hadi ngalawa zikalala juu ya mchanga, na akina mama wakashuka kwenye mashamba yao ya mwani. Kijiji cha namna hiyo hakina mtu asiyejuana na mwenzake. Hakimu aliyezaliwa pale ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, na nusu ya watakaosimama mbele yake wanaweza kuwa jamaa zake.

Tungeweza kumsomea vifungu vya sheria na kanuni za mawakili. Tumeona ni bora kumsimulia mtu mmoja ambaye jina lake bado linatajwa katika misikiti na vyuo vya Zanzibar karibu miaka 100 tangu afariki, lakini wengi wanaolitaja hawajui kwamba alianza maisha akiwa ameshika usukani.

Mtoto wa Itsandra

Ahmad bin Abubakar bin Sumait alizaliwa Januari 1861 huko Itsandra, katika kisiwa cha Ngazija. Baba yake alikuwa Mhadhrami wa Shibam, mfanyabiashara na mwanachuoni kwa pamoja. Zama zile mambo hayo mawili hayakuwa yakigombana. Mtu alipakia bidhaa chomboni na vitabu juu yake, na akifika bandari ngeni alikuwa na mahali pawili pa kwenda: ghalani kwa wafanyabiashara wenzake, na msikitini kwa wanachuoni wenzake.

Kijana Ahmad alijifunza dini, na alijifunza pia unahodha. Aliongoza chombo chake katika biashara ya Bahari ya Hindi, akifuata kusi na kaskazi kama walivyofanya watu wa visiwa vile vizazi kwa vizazi. Tunalitaja hili si kwa kupamba hadithi. Nahodha ni mtu anayebeba mali isiyo yake, ya watu wengi wasiojuana, na kila mmoja anataka yake ifike kwanza. Dhoruba ikija, yeye ndiye anayeamua mzigo upi utupwe baharini ili chombo kinusurike, na akifika nchi kavu lazima awaeleze wenye mali kwa nini hasara imegawiwa vile. Anakaa kati ya watu wanaodaiana. Kwa maoni yetu, aliyepita katika kazi hiyo hakuwa mgeni kabisa alipofika mbele ya wadai na wadaiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikwenda Hadhramaut kusoma kwa wanachuoni wa kabila na tarika ya wazee wake, akarudi. Kiasi cha mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, Sayyid Barghash bin Said alimfanya kadhi wa Zanzibar.

Umri huo utamshangaza msomaji wa leo. Haukuwa wa kawaida hata wakati ule, lakini haukuwa wa peke yake: Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa ambaye alikuwa kadhi mkubwa mjini siku hizo, naye aliupata ukadhi wa Kilwa angali kijana mdogo.

Kitu cha kuacha na kitu cha kuchukua

Zanzibar ya Barghash ilikuwa na makadhi wa aina mbili. Masultani walikuwa Maibadhi, na walikuwa na makadhi wa madhehebu yao. Wananchi wengi walikuwa Masunni wa madhehebu ya Shafii, na hao walikuwa na makadhi wao. Wote waliteuliwa na Sultani, wote wakilipwa na Sultani, na wote waliweza kuondolewa na Sultani huyohuyo.

Kitabu kilichotegemewa zaidi na makadhi wa Kishafii wa pwani hii kilikuwa Minhaj cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Sayyid Ahmad alikijua mno, hata akaja kuandika kitabu kizima, Al-Ibtihaj, kinachoeleza istilahi zake: yale maneno mafupi ambayo Nawawi anayatumia kumjulisha msomaji kauli ipi ina nguvu na ipi ni dhaifu pale wanachuoni walipohitalifiana.

Sasa, ndani ya Minhaj mna mlango wa ukadhi, na mlango huo unamjibu kijana wetu wa Uroa kana kwamba umeandikwa kwa ajili yake.

Kwanza, biashara. Kadhi hapendekezewi kununua na kuuza kwa mkono wake mwenyewe, wala kuwa na wakala anayejulikana kwamba ni wake. Sababu ni nyepesi: muuzaji akimjua aliye mbele yake, atampunguzia bei, na upunguzo ule ni deni ambalo siku moja litadaiwa mahakamani. Kwa mtu aliyetoka kwenye jahazi hili si jambo dogo. Maana yake ni kwamba ile stadi iliyokuwa ikimlisha, ya kupatana bei, kujuana na watu bandarini, kukopa na kukopesha, ndiyo hiyohiyo anayotakiwa kuiweka mbali na jina lake.

Pili, jamaa na washirika. Hukumu ya kadhi haipiti kwa nafsi yake mwenyewe, wala kwa mshirika wake katika mali wanayoshirikiana, wala, kwa kauli yenye nguvu, kwa wazazi na watoto wake. Kesi ya namna hiyo hupelekwa kwa mwingine. Leo tunasema hakimu anajitoa katika kesi, na watu wengine hudhani ni utaratibu ulioletwa na Waingereza. Ulikuwapo hapa kabla meli yao ya kwanza ya kivita haijatia nanga Forodhani.

Tatu, zawadi, na hapa ndipo penye wale samaki. Mwenye kesi mbele ya kadhi, zawadi yake ni haramu kupokelewa, hata awe ndugu aliyezoea kutoa. Asiye na kesi, lakini ambaye hakuwa na desturi ya kumpa kitu kabla hajateuliwa, zawadi yake pia haifai; bila ya shaka ameanza kupenda baada ya kuona cheo. Ama yule aliyekuwa akimpa tangu zamani, naye hana kesi, huyo zawadi yake inaruhusika kwa kiasi kilekile cha desturi, na lililo bora ni kumlipa kwa kumpa naye kitu.

Kwa hivyo mtungo wa changu wa mjomba ni halali, maadamu unabaki mtungo wa changu. Ukigeuka kuwa tenga zima wiki ileile ambayo mjomba ana mgogoro wa kiwanja, basi tena. Na kijana asiende mikono mitupu; apeleke sukari na unga wa ngano, kama anavyojua kila mtu wa shamba.

Tunavutiwa na namna kanuni hii inavyotazama nyuma. Haiulizi tu leo umepokea nini. Inauliza ulikuwa nani kabla ya kazi hii, na ni nani waliokuwa wakikujua. Ndiyo maana anayebadilisha kazi katika sheria anahitaji kukaa chini kabla ya kula kiapo, akaandika kwa mkono wake: nilimtetea nani, namdai nani, nani ananidai, nani tuna kiwanja cha pamoja. Orodha hiyo ni rahisi kuiandika siku ya kwanza. Mwaka wa tatu, mbele ya jalada lililofunguliwa, inakuwa ngumu.

Kuondoka

Mwaka 1885 ulikuwa mbaya kwa Barghash. Wajerumani walikuwa wamejichukulia ardhi bara kwa mikataba ya karatasi, na mwezi wa Agosti manowari zao zikaja kusimama mbele ya kasri lake. Mwaka uliofuata Wazungu walikaa wakamkatia milki: akabakishiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10, na nchi ya ndani wakagawana wao. Mfalme anayepoteza nje huwa mkali ndani. Barghash alikuwa pia mtu mwenye msimamo katika madhehebu yake, na mwanachuoni mkubwa wa Kishafii wa Mombasa, Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, alifungwa kwa amri yake.

Ni katika kipindi hicho Sayyid Ahmad alitofautiana na Sultani. Akaacha ukadhi na akaondoka Zanzibar.

Msomaji wa leo anaweza kulipita jambo hili haraka, kwa sababu mtu kuacha kazi si habari. Tulipime vizuri. Kadhi aliyeacha kazi hakuwa na ofisi nyingine ya kwenda mtaa wa pili. Mwajiri alikuwa mmoja. Na Minhaj yenyewe inaeleza anachopoteza: kadhi anaweza kujiuzulu mwenyewe, lakini akishatoka, kauli yake kwamba alihukumu hivi au vile haikubaliwi tena kwa kuwa yeye ndiye aliyesema. Jana neno lake lilikuwa hukumu. Leo ni neno la mtu mmoja, linahitaji mashahidi kama la mwengine yeyote.

Hapo pana somo la vitendo ambalo mawakili wengi wanalisahau wanapofunga virago. Kilichoandikwa ndicho kinachobaki. Kitabu hichohicho kinamtaka kadhi mpya aanze na watu walio kifungoni, mmoja mmoja, aulize kwa nini yumo. Kisha aende kwa wasimamizi wa mali za mayatima, aulize mali iko wapi. Yaani kazi ya kwanza ya anayeingia ni kuwatafuta wale ambao anayetoka angeweza kuwasahau. Mfungwa hajui kwamba kadhi amebadilika. Yatima hajui.

Tukihamishia kwenye ofisi ya wakili wa leo: mteja mwenye kesi inayotajwa mwezi ujao aambiwe mapema, si siku ya kesi, jalada lake likabidhiwe likiwa kamili, fedha yake iliyolipwa kwa kazi ambayo haijafanywa irudishwe, na fedha aliyoweka kwa amana ihesabiwe hadi senti ya mwisho. Siri aliyoitoa haiishi mkataba unapoisha. Wakili akiwa hakimu, akiwa mbunge, akiwa mwenye nyumba ya wageni ufukweni Uroa, siri ile bado si yake kuisema. Na kesi aliyoigusa kama wakili haiwezi kumfuata hadi kwenye kiti cha hukumu.

Sayyid Ahmad alikwenda Istanbul. Huko alikaa na Sayyid Fadhl bin Alawi, ambaye watu walimwita Fadhl Pasha. Huyu naye alikuwa mtu aliyepitia mengi: Waingereza walimwondoa Malabar, India, mwaka 1852, baadaye akaitawala Dhofar kwa miaka michache, akafukuzwa mwaka 1879, akamalizia maisha yake katika kivuli cha Sultani Abdulhamid. Kadhi asiye na ukadhi alipokewa na mtawala asiye na utawala.

Katika mji ule Sayyid Ahmad alipata heshima na nishani ya dola ya Uthmani. Angeweza kubaki. Istanbul ilikuwa imejaa masharifu na wanachuoni kutoka nchi zilizotekwa na Wazungu, wakiishi kwa posho ya Sultani na wakingojea kuitwa kwenye kasri. Hakubaki. Alikwenda Misri, akaenda Makka, akafika hadi Java, ambako Wahadhrami walikuwa wengi kama walivyokuwa Ngazija na Unguja. Kila alipofika alisoma.

Sisi hili ndilo linalotugusa kuliko nishani. Mtu alishakuwa kadhi wa mji mkubwa kuliko yote katika pwani hii. Watu walishamsimamia alipoingia. Naye akakunja miguu tena juu ya jamvi mbele ya walimu, mwanafunzi katikati ya wanafunzi. Wanasheria wengi tunaowajua wakiacha cheo hutafuta cheo kingine siku ileile, hata kama hawakiwezi, kwa kuogopa kuitwa aliyekuwa.

Kurudi

Barghash alifariki Machi 1888. Ndugu yake Khalifa bin Said akashika utawala, Sheikh Ali al-Mazrui akatoka kifungoni, na mwaka huohuo Sayyid Ahmad akarejea Zanzibar. Alirudishwa kwenye ukadhi. Safari hii hakuuacha tena.

Mwaka huo wa 1888 ulikuwa pia mwaka ambao Muhammad Abduh aliruhusiwa kurudi Misri kutoka uhamishoni, na akapewa ujaji katika mahakama za wenyeji. Abduh alikuwa mwalimu na mhariri kabla ya hapo. Mwaka 1899 akawa Mufti wa Misri. Baadaye wawili hawa waliandikiana barua. Walikuwa watu tofauti sana, mmoja mwenye hamu ya kubadilisha, mwingine aliyeshikilia tarika na njia za wazee wake, lakini kila mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha hukumu huku bendera ya wageni ikipepea nje ya dirisha.

Maana Uingereza iliitangaza Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wake mwaka 1890, miaka miwili tu baada ya Sayyid Ahmad kurudi. Kutoka hapo kazi yake ilianza kubadilika huku yeye amekaa palepale. Tarehe 27 Agosti 1896 kasri lilipigwa mizinga katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed akatia saini amri kwamba mahakama zisisikilize tena madai ya mtu juu ya mtumwa wake. Kadhi aliyefundishwa vitabu vyenye milango mizima juu ya bwana na mtumwa aliamka siku moja milango ile imefungwa kwa amri ya serikali.

Kisha zikaja sheria za mahakama. Ile ya 1908 iliwawekea makadhi mipaka mipya, na rufaa kutoka kwao zikawa zinaishia kwa majaji wa Kiingereza. Makadhi waliweza kuulizwa rai yao juu ya sharia, lakini neno la mwisho lilikuwa la jaji ambaye hakuisoma Minhaj kwa Kiarabu na alitegemea tafsiri. Sheria ya 1923 iliwabana zaidi. Kilichobaki mikononi mwao hasa kilikuwa ndoa, talaka, mirathi na mambo ya nyumbani.

Swali linakuja lenyewe, na tusilikwepe. Mtu aliyeondoka kwa sababu ya kutofautiana na Barghash, Mwislamu mwenzake, alibakije chini ya Waingereza kwa zaidi ya miaka 30? Wako watakaosema kwamba alizeeka, ana watoto, ana nyumba. Huenda. Mtu mwenye umri wa miaka 24 na mtu mwenye umri wa miaka 50 hawalipi gharama sawa kwa kujiuzulu, na hakuna aibu kulisema hilo.

Lakini kwa rai yetu liko jambo jingine. Mtawala anayekugusa hukumu yako anakuharibu wewe mwenyewe. Ukibaki, unakuwa mkono wake. Serikali inayokupunguzia mamlaka inakuachia kidogo, lakini kile kidogo bado ni chako kukihukumu kwa haki. Na kile kidogo hakikuwa kidogo kwa kila mtu. Kwa mjane aliyetoka pwani ya mashariki, akasafiri hadi mjini ili ajue fungu lake katika minazi ya marehemu mumewe, mirathi ilikuwa ndiyo kesi kubwa kuliko zote duniani. Wanachuoni wangeondoka wote kwa kususa, nani angemgawia?

Minhaj inayo kauli juu ya hilo pia. Ukadhi ni wajibu wa kutoshelezana: akiupokea mtu anayefaa, wengine wamesalimika. Lakini pasipokuwa na mwingine anayefaa, mwenye sifa analazimika kuutafuta. Kuondoka na kubaki, basi, havipimwi kwa moyo wa mtu peke yake. Vinapimwa pia kwa kuangalia ukiondoka nani atakaa pale ulipokaa.

Hata hivyo, kubaki kulikuwa na bei yake, na aliilipa hadharani. Hukumu zake ziliweza kupinduliwa. Jina lake lilitumika na serikali ambayo hakuiunda, katika mambo ya wakfu na katika mashauriano juu ya mafunzo ya dini kwa watoto wa skuli za serikali. Wapo wanachuoni waliochagua njia nyingine. Rafiki na mwanafunzi wake mkubwa, Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alibaki mwalimu. Madrasa yake ya Ukutani ilijaa wanafunzi, na Sayyid Ahmad alimtuma safari za mbali, hata Cape Town, kusuluhisha Waislamu waliogombana. Mmoja alikaa ndani ya serikali, mwingine nje yake, na hawakuvunja urafiki.

Hili la mwisho kijana wetu alizingatie. Siku atakayopanda kwenye kiti, rafiki aliyebaki kwenye uwakili asimwone kama mtu aliyenunuliwa. Na yeye asimwone rafiki yake kama mtu wa kukwepwa barazani. Lililo la kukwepwa ni mazungumzo ya kesi iliyo mezani. Kahawa haina kosa.

Miaka ya mwisho

Sayyid Ahmad aliwatumikia masultani 7, kuanzia Barghash hadi Khalifa bin Haroub. Wanafunzi walimjia kutoka Lamu, Barawa, Ngazija na Pemba. Maswali yalimjia kwa barua kutoka mbali zaidi. Kiti cha mahakama kilikuwa kimepungua, lakini baraza lake halikupungua: yule ambaye jaji aliweza kuipindua hukumu yake, wananchi walikuwa bado wanamwendea jioni kumuuliza lililo sahihi, na wakilifuata.

Mwaka 1925 Sheikh Abdallah Bakathir alitangulia. Tarehe 7 Mei mwaka huohuo Sayyid Ahmad bin Sumait naye akafariki mjini Zanzibar, akiwa na umri wa miaka 64. Kitabu chake juu ya istilahi za Minhaj kilichapishwa, na wanafunzi wa fikihi ya Kishafii wanaendelea kukifungua, wengi wao katika nchi ambazo hawajui Itsandra iko wapi.

Mwanawe, Sayyid Umar, hakuanza mahakamani. Alikwenda kufanya biashara Madagascar na Ngazija kwa miaka mingi. Alipokuwa mtu mzima akarejea Zanzibar kufundisha, na mwisho akakalia kiti cha baba yake. Miongoni mwa waliosoma kwake alikuwako mwalimu wa skuli, Abdulla Saleh Farsy. Mwaka 1960 mwalimu huyo naye akawa kadhi wa Zanzibar.